Nilikwenda Wamaza Kumrudisha Mariamu

Tangu nirudi, kila anayekuja kwangu kununua samaki ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje huko, na mbona umerudi peke yako? Nimesimulia nikiwa nimesimama, kisu mkononi na magamba hadi kwenye viwiko, na kila mara mteja mwingine ananikatiza. Mama Amina amesikia mwanzo tu. Bi Halima amesikia mwisho tu, akaenda kutangaza kwamba nimegombana na ndugu yangu. Basi nimeketi nikaandika. Someni, kisha mniache nifanye biashara.

Kisa mnakijua. Mdogo wangu Mariamu aliolewa Wamaza, huko ndani Kabambare. Vita vilipopita kijijini kwao mumewe alikufa, nyumba yao ikachomwa, naye akakimbilia porini na watoto. Hali ilipotulia alirudi, hana hata sufuria, akapokewa uani kwa jirani. Mama yetu aliposikia kwamba shirika moja linawagawia chakula, hakulala vizuri. Alisema hakumzaa mtoto wake ili apangwe mstari kungoja unga wa watu. "Zaituni, nenda umulete," aliniambia. "Yeye na watoto wake. Samaki haijaisha mu mto."

Nami nilikubaliana naye kabisa. Nilifunga vikapu viwili vya samaki wa moshi. Kimoja kilikuwa cha kuuza Kabambare ili nipate nauli ya kurudi na watu wote wale. Cha pili kilikuwa cha kula njiani na cha kumpelekea ndugu, maana mkono mtupu haulambwi.

Kutoka Nyangwe mpaka Kasongo

Mwenye pikipiki anaitwa Kalume, mtu mzima mwenye familia yake, anayejua kila shimo la njia ile. Alipoona vikapu alisimama mbali kidogo akakunja pua.

"Mama Zaituni, juzi nilibeba bibi-harusi pa hii kiti. Kesho nitabeba padri. Hii harufu nitaisemea nini?"

"Sema ulibeba mutu anakula vizuri."

Akafunga vikapu kwa mipira, nikapanda. Alikuwa amevaa fulana ya njano inayong'aa, yenye maandishi ya mradi fulani ambao umekwisha zamani. Mvua ilipoanza akanionea huruma akanipa ile fulana niivae juu ya kanga zangu, kwa kuwa plastiki yake ilizuia maji. Kumbukeni fulana hiyo, maana ilinitia matatani.

Kasongo tulifika tumelowa. Nilifikia kwa shangazi yetu, Bi Mwanaidi, ambaye kama mnavyomjua hawezi kukuuliza habari kabla ya kukujaza sahani. Wali wa Kasongo, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa ikalainika, mafuta ya mawese yanaelea juu. Nilikula mpaka nikaona aibu. Halafu pikipiki ya Kalume ikakataa kuwaka, fundi akasema kifaa kinatoka Kindu, na safari ikawa ya kungoja.

Katika kungoja huko ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza watu wakigombana juu ya msaada. Mume wa shangazi, Mzee Ramazani, ananunua mpunga kwa wakulima na kuuza mchele. Kwake yeye, gunia la unga linaloletwa kutoka nchi za mbali ni adui.

"Hapa tuko ku inchi ya mchele," alisema. "Wanaleta unga ya mahindi, wanapita nayo mbele ya mulango yangu, wanaenda kuitoa bure kule. Mukulima wa Lusangi atauzia nani? Wawape watu pesa, wanunue kwetu."

Bi Mwanaidi akaweka kijiko chini. "Pesa mutoto hatafuni. Chakula ikiingia mu nyumba, mama ndiye anajua itafika siku gani. Pesa ikiingia, baba anavaa kofia anatoka."

"Miye nilishavaa kofia nikatoka na pesa yako?"

"Sijataja jina ya mutu."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa tatu: sikutaka ndugu yangu apewe unga wala pesa. Nilitaka apande pikipiki tuondoke.

Njia ya Lusangi

Kifaa kilifika, tukaondoka. Kabla ya Lusangi tulikuta lori la msaada limezama kwenye tope mpaka ekseli. Dereva na mwenzake walikuwa wamefunga turubai juu ya magunia, wamewasha moto kando, wanachoma ndizi walizouziwa na wanawake wa kijiji cha jirani. Nyuma yao kulikuwa na chakula cha kulisha kata nzima, na wao walikuwa wamekonda.

"Hamuwezi kufungua moja mupike?" niliwauliza.

"Mama, ya watu hii," alijibu dereva. "Ikipungua moja, miye ndiye mwizi."

Niliwaachia samaki wawili. Dereva yule alishika samaki kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, na mwenzake akageuza uso. Tuliwaacha hapo, na tuliporudi baadaye lori lilikuwa limekwisha kutolewa, sijui lilifika lini.

Lusangi tuliingia mvua ikinyesha, nimevaa fulana ya njano. Hapo ndipo balaa. Tulisimama kwa mama mmoja mkulima, Mama Sifa, tuombe pa kujikinga, na kabla sijamaliza salamu, ua ulikuwa umejaa. Wanawake na wazee, kila mmoja na neno lake. Mama Sifa alinivutia kiti cha mgeni wa heshima, akaniletea sahani, akaiweka magotini pangu.

"Kula, madame," alisema. "Kula uone."

Zilikuwa dengu za njano. Nilitia mdomoni. Jamani, mimi nina meno mazuri, lakini dengu zile zilikuwa na msimamo wao.

"Zilikuwa ku moto tangu jana," alisema Mama Sifa. "Kuni zimeisha, mayi yameisha, na zenyewe ziko vile tu. Ambia wakubwa wako: hatukatae msaada. Lakini watuambie hii kitu inapikwa namna gani kule inatoka."

Nikaanza kueleza kwamba mimi ni mchuuzi wa samaki kutoka Nyangwe. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa heshima akasema wakubwa wa mashirika siku hizi ni wanyenyekevu sana. Kalume alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nilipoona hakuna njia, nikasema, "Nitawaambia." Wakanipigia makofi, na nikamaliza sahani yote kwa sababu walikuwa wananitazama. Usiku ule tumbo langu lilisimulia habari zake lenyewe.

Kabambare, soko limepita

Tulifika Kabambare siku ya soko imekwisha kupita. Meza zilikuwa tupu, mbuzi wamelala juu yake. Waliobaki ni wanawake wachache kando ya njia, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua samaki wangu kwa bei ya kumrudisha mtu mmoja Kasongo, sembuse familia. Nikabaki na vikapu vyangu.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia, yale meupe ya msaada, yameandikwa wazi kwamba hayauzwi. Alikuwa anayauza. Mnanijua hasira zangu. Nikamsimamia.

"Mama, watu wanakufa na njaa, wewe unauza chakula yao?"

Hakuinua sauti. Alinitazama kuanzia kichwani, akaona fulana, akadhani amekamatwa, na macho yake yakajaa hofu. Nikaivua palepale nikamrudishia Kalume, nikamwambia mimi ni mwuza samaki. Hapo akapumua.

"Haiko chakula ya watu. Iko yangu, walinipa miye," alisema. "Mutoto iko na homa. Dawa haikubali mafuta. Chumvi haikubali mafuta. Nauza kopo kwa bei ya nusu kopo, nanunua mawese kidogo, nanunua dawa. Wangenipa ile pesa ya kopo, ningekuwa na nusu ingine."

Nilimpa samaki, akanipa chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani, na tukaagana vizuri. Lakini maneno yake yalinikaa. Nikamwambia Kalume kwamba Mzee Ramazani ana haki: wape watu pesa, kila mtu anajua jeraha lake liko wapi. Kalume alisema tungoje tufike Wamaza kwanza.

Lakini Kalume hakufika. Mbele ya Kabambare daraja moja lilikuwa limebaki magogo mawili, na pikipiki haikuweza. Alirudi kuningoja Kabambare, na mimi nikaungana na mtu mmoja anayesukuma baiskeli iliyojaa chumvi na sabuni kuipeleka Wamaza. Alipachika vikapu vyangu juu ya mzigo wake, akaomba malipo ya samaki. Tulitembea. Nyasi zilikuwa zimetuzidi kimo, mashamba mengi yamerudi kuwa pori, lakini hapa na pale moshi ulikuwa unapanda mahali ambapo mtu ameanza kufyeka na kuchoma upya. Yule mtu wa baiskeli alikuwa ananitajia kila moshi ni wa nani, na furaha yake ilikuwa wazi.

Wamaza, mlango uliofungwa

Kwetu na kwao ni desturi moja: mafiga yako uani. Mwanamke anapika nje, chungu chake kinaonekana, na anayepita anaambiwa karibu. Kupika ndani mlango umefungwa, na jua linawaka, ni kumwambia jirani kwamba una kitu na hutaki akione. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na halihitaji mdomo.

Nilipofika kwenye ua alimokuwa akiishi Mariamu, mwenye ua alikuwa nje, anakoroga chungu chake. Ni Mama Feza, mkulima Mkristo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Ndiye aliyempa Mariamu chumba aliporudi porini. Ndiye pia kiongozi wa wanawake wanaolimiana kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Alinipokea vizuri, akaniletea maji, lakini nilipomwuliza ndugu yangu yuko wapi, uso wake ukafunga.

"Mudogo yako iko ndani," alisema. "Siku hizi anapika ndani."

Niligonga. Mariamu alifungua kidogo, akanitambua, akanishika shingoni hakuniachia. Alikuwa amekonda, macho mekundu kwa moshi. Watoto walikuwa wameketi ukutani kuzunguka moto, wametulia kupita kiasi. Nilifunua chungu kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Sombe tupu. Hakuna mawese, hakuna chumvi, hakuna hata karanga.

"Mariamu, hii ndiyo unafungia mulango?"

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nikipika inje watu wanaona chungu."

"Na waone."

"Wataona kama haina kitu."

Nikauliza msaada uko wapi. Akaniambia safari hii shirika lilitoa pesa, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameomba hivyo baada ya unga na dengu. Nikauliza pesa iko wapi. Akanyoosha kidole juu. Katika moshi, juu ya moto, gunia lilikuwa limening'inizwa kwenye boriti.

"Mpunga," alisema. "Ya mbegu. Moshi inakataza wadudu."

Niliketi chini. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na sikuificha. Nilimwambia watoto wanakula majani huku mpunga unaning'inia juu ya vichwa vyao. Nikamwambia nimetumwa na mama kumchukua, afunge vitu vyake, na kama hana vitu basi ndiyo vizuri zaidi, hatutachelewa.

Aliniacha niseme yote. Kisha akasema polepole, "Shamba ya baba yao imepita mvua bila kupandwa. Ukoo walinipa hii mvua moja ya mwisho. Isipopandwa, wanaipa mutu mwengine, na hawa watoto hawana tena fasi hapa. Nimeifyeka mwenyewe, nimeichoma. Imebaki kupanda. Nikifuata wewe sasa, Yaya, nitakula samaki ya mama mpaka nizeeke, na hawa watakuwa wageni kila fasi."

Sikuwa nimejua habari ya shamba. Nilimwuliza basi shida iko wapi, mbegu si anayo? Ndipo akalia. Kupanda shamba lile peke yake hakuwezekani, mvua haimngoji mtu. Inatakiwa zamu ya Mama Feza, na Mama Feza hasemi naye.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa magunia, kila alipopokea unga, bakuli la kwanza Mariamu alimpelekea Mama Feza. Hakuna aliyemwagiza, ndivyo watu wanavyoishi, na aliyepokewa uani kwa mtu akipata kitu cha kumpa mwenyeji wake hutembea ameinua kichwa. Pesa zilipokuja, alikuta mtu anayepita na mbegu nzuri, akaogopa bei itapanda mvua zikikaribia, akanunua mbegu kwa zote. Halafu akatazama mikono yake.

"Pesa haina bakuli," aliniambia. "Nitamupelekea nini Mama Feza? Mbegu mbichi? Nikaona haya. Nikaingiza mafiga ndani."

"Na juu ya nini hukumwambia?"

"Watu wakijua niko na mpunga, mwenye mutoto mugonjwa atakuja kulomba kikombe atwange. Nitamukatalia namna gani? Watamaliza mbegu kikombe kikombe."

Mafiga nje

Asubuhi niliamka na dawa yangu. Nilibeba jiwe la kwanza la mafiga nikalitoa uani, nikalitoa la pili. Mariamu alinishika mkono kwenye la tatu, tukavutana mlangoni kama watoto, nikamshinda kwa uzito. Niliwasha moto katikati ya ua, nikapika samaki na ile chumvi ya Kabambare, harufu ikaenda mpaka njiani. Nikajaza bakuli, nikampelekea Mama Feza mwenyewe, nimejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alilitazama bakuli hakulishika.

"Hii iko samaki yako, Mama Zaituni. Nitaikula mchana na wewe, kwa ugeni yako, na nitashukuru. Lakini haiko yake."

Nikarudi na bakuli langu. Nakwambieni, sijawahi kuona njia fupi ikawa ndefu vile. Nilikuwa nimetoka Nyangwe kuja kutengeneza maisha ya watu kwa samaki, na samaki hawakutosha.

Mariamu alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Aliingia ndani. Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha kitu kizito kikianguka. Alitoka amelikumbatia gunia, masizi usoni na kifuani, akavuka ua akaliweka miguuni kwa Mama Feza, akafungua kamba.

"Ndiyo hii nilikuwa naficha," alisema. "Chungu yangu haina kitu. Nilikuwa naona haya, mama."

Mama Feza aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoa punje, akaitafuna kwa meno ya mbele, akatema kapi. Kisha akaniuliza mimi, si Mariamu.

"Anafikiria miye nitalomba mbegu?"

Nikasema anaogopa watu.

"Watu gani?" Sasa sauti ya shambani ikatoka, na ua wa jirani ukatega sikio. "Nani hapa Wamaza alishalomba mbegu ya mwenzake? Unga inalombwa. Chumvi inalombwa. Moto inalombwa. Mbegu hailombwi, hata mutoto akilia. Weye uliolewa hapa, ukazaa hapa, haukujua hii?"

Mariamu hakujua, na mimi sikujua. Sisi ni watu wa mto na duka, mpunga tunaukuta kwenye gunia. Kwa wakulima lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kumwambia. Mama Feza alikasirika sana, na alipomaliza kukasirika akaanza kucheka, akamfuta Mariamu masizi kwa ncha ya kitenge chake. Niliona mabega ya ndugu yangu yakishuka, na mimi nikaingia nyuma ya nyumba nikalia kidogo, maana moshi ulikuwa mwingi.

Nilipotoka walikuwa tayari kwenye kazi.

"Zamu yako ni keshokutwa," Mama Feza alikuwa anasema. "Sasa watu wakikuja kupanda wanakula. Utawalisha nini?"

Ndiyo desturi: mwenye shamba hawalipi watu, anawashibisha, na shamba lililopandwa na watu wenye njaa husemwa vibaya mwaka mzima. Wote wawili wakageuka kunitazama. Kwa kweli walichokuwa wanatazama ni kikapu changu cha kwanza, kile cha kuuza, nauli yangu na ya watu wote niliokuja kuwachukua.

Nikasema, "Haya."

Siku ya kupanda

Mtu wa shirika alifika siku hiyohiyo ya kupanda, Monsieur Justin, mpole, suruali imejaa tope. Alikuja kuuliza watu safari ijayo wanataka nini, chakula au pesa. Hakukuwa na mkutano kwa sababu wote walikuwa shambani kwa Mariamu, basi akaja shambani. Alisimama mwisho wa mstari na watu wakamjibu wakiwa wameinama, wanachimba vishimo na kutia mbegu.

Mzee mmoja alisema chakula, kwa kuwa pesa aliipata na sokoni akakuta mbuzi tu. Mke mmoja alisema chakula, akamtazama mumewe, na watu wakaguna. Mwingine akasema pesa, na asizione tena zile dengu. Hapo nikakumbuka ahadi yangu, nikamweleza Monsieur Justin habari za Lusangi kwa ukamilifu, pamoja na meno. Aliandika, akanishukuru, akaniuliza mimi ni wa shirika gani. Nikamwambia la samaki.

Kisha Mariamu aliinuka, mkono kiunoni, mbegu kwenye kikombe.

"Monsieur, mutupe pesa wakati watu wanauza mbegu," alisema. "Na mutupe chakula wakati wa kupanda, tulishe wenye kutusaidia. Mukituletea chakula peke yake, tutakula na shamba itabaki pori. Mukituletea pesa peke yake, tutapika ndani."

Watu walicheka, kwa kuwa kisa kilikuwa kimekwisha kuenea. Monsieur Justin hakuelewa kicheko. Mama Feza alimweleza kwa kirefu, na yule bwana akasikiliza. Alisema wakubwa wake wanapenda jibu moja, lakini atawapelekea hili kama lilivyo. Kama watalisikia, sijui. Alipewa jembe dogo, akachimba mstari mmoja uliopinda sana.

Tulikula shambani. Mama Feza alileta unga wa muhogo, bugali ukasongwa kwenye masufuria makubwa, samaki wa Nyangwe wakawa mchuzi wa mawese. Safari hii Mariamu ndiye aliyepakua, na bakuli la kwanza alimpelekea Mama Feza, naye alilipokea kwa mikono miwili. Watoto walikula mpaka wakalala juu ya nyasi. Shamba lilimalizika jua likiwa bado lipo, na mvua ikanyesha usiku.

Kurudi

Niliondoka peke yangu. Mariamu alinisindikiza mpaka penye njia panda, na niliposema mara ya mwisho, kwa ajili ya mama tu, "Twende," alinikumbatia akarudi. Nilitembea nyuma ya baiskeli ya yule mtu wa chumvi mpaka daraja la magogo. Kalume alinibeba kutoka Kabambare kwa ahadi ya samaki, na mmeona jinsi anavyokuja kuwadai.

Kitu kimoja kilinisumbua njia nzima: mama. Nilikuwa nimetumwa kuleta watu, na narudi na vikapu vitupu. Alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Nilikutuma mutoto yangu," alisema.

Nikaketi chini nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, gunia, mlango, bakuli lililokataliwa, shamba. Hakunikatiza, na kwa mama yetu hiyo si dalili nzuri. Nikamaliza kwa kumwambia asiwe na wasiwasi, mpunga ukivunwa Mariamu atamletea mchele.

"Hapana," alisema mama. "Mutu haletewe chakula kutoka ku nyumba ya mutoto yake kama mugonjwa."

Nikangoja aniambie nirudi Wamaza kumchukua. Akainuka, akashikilia mwimo wa mlango mpaka goti likakubali, akaenda kumwita Kalume.

"Mupunga unachukua miezi mingapi?" alimwuliza. "Unitengenezee kiti. Nitaenda kuvuna."